Bango la Homeplus, mkoba wa Tesco

Mwaka 2006 Korea Kusini iliwaaga vigogo wawili wa biashara ya rejareja: Carrefour ya Ufaransa iliyaacha maduka 32 mikononi mwa E-Land, na Walmart ya Marekani ikaiuzia Shinsegae maduka yake 16, wanunuzi wote wawili wakiwa kampuni za Kikorea. Washauri wanaozisaidia kampuni za kigeni kuuza kwa Wakorea hawachoki kuvitaja vifo hivyo viwili. Kinachonisumbua mimi ni rafu. Walmart ilipanga bidhaa kwa mtindo wa ghala, boksi juu ya boksi, juu kuliko mkono wa mnunuzi unavyofika. Mnunuzi wa Seoul alitaka mboga mbichi, samaki anayemwona kwa macho, na muuzaji anayenadi bei huku akimwonjesha kipande cha nyama. E-Mart ya Shinsegae ilimpa vyote hivyo, hadharani, na yeyote aliyetaka kuona angeingia tu na kutazama. Basi hapakukosekana maarifa. Kilichokosekana, naamini, ni mwenyeji mwenye madaraka ya kuamuru rafu zishushwe.

Tesco ya Uingereza ilipoingia ubia na Samsung mwaka 1999, ilishika sehemu kubwa ya hisa lakini bango likaandikwa Homeplus, na usukani akapewa Lee Seung-han, mtu wa Samsung. Chini yake maduka yakawa na vituo vya utamaduni, watoto wakijifunza muziki na mama zao wakisoma, huku kapu la mboga likisubiri ghorofa ya chini. Mhasibu yeyote angesema nafasi hiyo ingeuza sabuni. Mwaka 2011 kuta za kituo cha treni cha Seolleung zikabandikwa picha za rafu za duka: abiria anapiga picha msimbo wa bidhaa kwa simu, mzigo unamfuata nyumbani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa aliyepona ni mgeni.

Mtu atanipinga kwa Costco. Nayo ni ghala tupu, ina kadi ya uanachama, na bado tawi lake la Yangjae, Seoul, husifiwa kuwa miongoni mwa yenye mauzo makubwa zaidi duniani. Ni kweli, ila mwanachama wa Costco huifuata ghala kwa kujua, akitafuta mafurushi makubwa na bidhaa za nje. Walmart ilitaka kuwa duka la kila siku la mtu ambaye hakuomba ghala. Pingamizi zito zaidi ni udogo wake: je, maduka 16 yangeweza kushindana kwa bei hata rafu zingeshushwa? Hilo sina jibu lake.

Wala mwenyeji si kinga ya kudumu. Tesco iliiuza Homeplus mwaka 2015, na Machi 2025 kampuni hiyo ilikimbilia mahakamani kuomba kunusurika na madeni. Mmiliki wakati huo alikuwa MBK Partners, mwekezaji mwenye makao yake Seoul.