Maneno ya Mwalimu wa Karate: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulieleza jinsi karate ilivyoingia shuleni kisiwani Okinawa mwaka 1901, kwa juhudi za mwalimu Anko Itosu. Leo tugeukie jambo ambalo wazazi wengi hawaliulizi wanapompeleka mtoto mazoezini: mwalimu wake anasema nini?

Gichin Funakoshi, aliyezaliwa Shuri, Okinawa, mwaka 1868, alikuwa mtoto dhaifu wa mwili. Usiku alikwenda kwa mwalimu wake, Anko Azato, akafanya mazoezi uani huku mzee ameketi anamtazama. Maneno yalikuwa ya kuhesabika. Rudia. Bado kidogo. Mfululizo mmoja wa miondoko, yaani kata, uliweza kurudiwa miezi na miezi, na mwingine haukuguswa mpaka mwalimu aridhike. Siku sifa ilipotoka, ilikuwa fupi mno, lakini kijana alijua ameilipia kwa jasho. Funakoshi aliisimulia hadi uzeeni, wakati yeye mwenyewe alikwisha kuifikisha karate Tokyo.

Azato alisifu kazi iliyofanyika, na hapo utafiti unamuunga mkono. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani Claudia Mueller na Carol Dweck walitoa matokeo ya majaribio kwa watoto wa darasa la tano. Baada ya kufumbua mafumbo, baadhi yao waliambiwa wana akili. Wengine waliambiwa wamejitahidi. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Waliosifiwa akili walipoteza hamu, na hata waliporudishiwa mafumbo mepesi walifanya vibaya kuliko mwanzo. Waliosifiwa juhudi walipanda.

Mtoto wa miaka tisa anayeambiwa "wewe umezaliwa bingwa" ana kitu cha kulinda, hivyo atamkwepa mwenzake aliye hodari. Anayeambiwa "leo goti umeliinua vizuri kuliko juzi" ana kitu cha kufanya kesho.

Maneno hugusa pia tabia ya nje ya ukumbi. Mwaka 1986 mtafiti Michael Trulson alichapisha utafiti wa vijana 34 wa Marekani, wa miaka 13 hadi 17, waliokuwa na mwelekeo wa uhalifu. Aliwagawa makundi matatu kwa miezi sita. Kundi moja lilifundishwa taekwondo ya jadi, pamoja na kutafakari na mazungumzo ya mwalimu kuhusu heshima, subira na kujizuia. La pili lilifundishwa kupigana tu. La tatu lilifanya mazoezi ya kawaida ya mwili. Vijana wa kundi la kwanza walipungukiwa na ukali. Wa kundi la pili walizidi kuwa wakorofi. Vijana 34 ni wachache, lakini tofauti hiyo inatosha kumfanya mzazi atege sikio.

Basi mzazi na akae kwenye benchi walau vipindi viwili. Asikilize mtoto anapoanguka anaambiwa nini, mnene anaitwaje, na mshindi anapomcheka aliyeshindwa mwalimu hufanya nini.

Wiki ijayo tutaangalia kiapo wanachokisema wanafunzi wa mtindo wa karate uitwao Shotokan wakiwa wamepiga magoti mwisho wa kipindi, na kwa nini kila kifungu chake huhesabiwa kuwa cha kwanza, bila cha pili wala cha tatu.