TUSI SI JAWABU

Katika toleo hili tunataka kueleza jambo ambalo wengi hulichukua kuwa ni mzaha wa barazani, lakini ambalo laweza kuvunja mkutano, kumfukuzisha mtu kazi, na hata kumtoa roho. Jambo hilo ni desturi ya kumwita mtu shoga, hanithi au msenge pale anapouliza swali ambalo mkubwa hataki kulijibu.

Tuchukue mfano. Burgao, kati ya Kismayu na Ras Kiamboni, watu wanaishi kwa bahari. Tuseme wavuvi wanauza kambakoche kwa tajiri mwenye mizani. Siku moja kijana anasimama mbele ya wenziwe na kuuliza: "Mbona mizani hii inapunguza kilo sisi tunapouza, lakini haipunguzi tajiri anapouza?" Swali ni zuri. Jawabu lake ni rahisi pia: iletwe mizani nyingine, mzigo upimwe mara mbili, watu waone kwa macho yao. Lakini msimamizi wa tajiri haleti mizani. Anacheka, kisha anasema: "Msikilizeni huyu! Mtazameni anavyotembea. Huyu naye ni mwanamume?" Watu wanacheka. Kijana anaona haya, anaketi. Mkutano umekwisha.

Sasa tujiulize: nani amepata faida? Waliocheka wamepata kicheko cha dakika moja. Kesho wataleta kambakoche wao kwenye mizani ile ile, na kilo zitapungua vile vile. Aliyepata faida ni mmoja tu, naye ni mwenye mizani.

Weka kiwanda mahali pa mizani, au weka shamba la ndizi au la miwa, na kijana awe ameuliza juu ya saa za ziada au juu ya fedha za chama. Hadithi ni moja.

MAJINA HUBADILIKA, KAZI NI ILE ILE

Wazee wetu wa pwani hii wanakumbuka miaka baada ya mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 21 Oktoba 1969. Wakati huo tusi la siasa katika Somalia lilikuwa "kacaandiid", maana yake mpinga mapinduzi. Mtu aliyeuliza mchele wa ushirika umekwenda wapi aliweza kuitwa kacaandiid, na baada ya hapo hapakuwa na haja ya kumwonyesha mchele. Katika nchi nyingine za Afrika Mashariki neno lilikuwa "kibaraka". Kweli, vibaraka walikuwako. Lakini mara nyingi neno lile lilitupiwa mfanyakazi aliyetaka kuona hesabu tu.

Serikali ile ya Somalia iliondoka Januari 1991, na neno lake likaondoka nayo. Haja ya wakubwa ya kuwa na neno la namna hiyo haikuondoka. Leo katika nchi nyingi za Afrika neno linalofanya kazi hiyo ni "shoga", na mara nyingi hufungwa pamoja na lile la zamani: huyu ni shoga, tena ametumwa na Wazungu.

Yafaa tukumbuke kwamba neno lenyewe halikuzaliwa tusi. Akina mama wa pwani huitana shoga, yaani rafiki wa karibu, mwenye kujua siri na kushika mkono wakati wa shida. Ni neno la mapenzi na heshima. Mwanamume akiitwa hivyo, maana yake hugeuka kuwa: wewe si mwanamume, basi neno lako halina uzito. Hapo tusi limewapiga watu wawili kwa pigo moja. Limempiga anayeitwa, na limewapiga wanawake wote, kwa sababu limechukulia kuwa kufananishwa na mwanamke ni aibu. Dada zetu wanaofunga samaki viwandani na kupalilia mashambani wanalisikia.

YALIYOTOKEA UGANDA

Tarehe 18 Novemba 2020 polisi wa Uganda walimkamata Bobi Wine, aliyekuwa akigombea urais, wakisema amevunja masharti ya ugonjwa wa korona katika kampeni. Watu waliingia barabarani. Vyombo vya usalama vilifyatua risasi, na katika siku zile watu zaidi ya 50 waliuawa. Nchi nzima ilikuwa na swali moja: nani aliamuru risasi? Wiki ile ile Rais Museveni, akizungumza na wananchi, alisema kwamba waliofanya fujo wanatumiwa na watu wa nje, wakiwamo mashoga, wasioitakia Uganda utulivu. Tazameni jinsi neno lilivyowekwa. Waliokufa walikuwamo wapita njia na watu waliokuwa wakitafuta riziki yao. Hakuna aliyeweza kueleza jinsi mapenzi ya mtu fulani yalivyohusika na risasi iliyompiga mwingine sokoni.

Mwaka 2023 palitokea jingine. Tarehe 21 Machi Bunge la Uganda lilipitisha sheria kali dhidi ya ushoga, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na Rais akaitia sahihi mwezi wa Mei. Katika miezi ile ile wananchi walikuwa wakiuliza juu ya mabati. Maelfu ya mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu maskini wa Karamoja yalionekana kwa mawaziri na wakubwa wengine, na Aprili waziri aliyehusika na Karamoja alifikishwa mahakamani. Hatusemi kwamba sheria ilitungwa ili kuficha mabati. Tunasema kwamba mtu hana macho mawili ya kutazama kila upande kwa wakati mmoja, na kelele zikiwa kubwa upande mmoja, upande wa pili hupita mengi.

Mara nyingi tunaambiwa pia kwamba haya yote yametoka Ulaya. Basi na tujue kwamba sheria ya Kenya inayoweka kifungo cha miaka 14 kwa jambo hili iliachwa na Mwingereza. Kama kitu ni kibaya kwa sababu kimetoka Ulaya, tuanze na sheria hiyo.

KARIBU NA KWETU NENO HILI HUUA

Kwetu mambo ni mazito zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Somalia ya mwaka 1962, katika kifungu cha 409, inaweka kifungo cha miezi 3 hadi miaka 3. Na katika sehemu zisizofikiwa na serikali hali ni mbaya kupita hiyo. Januari 2017, katika mji wa Buale, bonde la Juba ya Kati, Al-Shabaab waliwaua hadharani watu wawili kwa tuhuma hiyo. Mmoja alikuwa na miaka 20, mwingine 15. Kutoka Buale hadi pwani yetu si mbali. Kwa hiyo yule msimamizi wa mizani anapomtania kijana mbele ya watu hatanii. Amempa kila mwenye kisasi silaha, na hajui itaokotwa na nani.

Wengine watasema: hili ni jambo la dini, chama cha wafanyakazi kisiliguse. Sisi si mashehe na hatutoi fatwa. Lakini waumini wenzetu wanajua kwamba dini ile ile wanayoitaja imeweka viboko 80 kwa mtu anayemzulia mwenziwe uzinifu bila mashahidi wanne, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani hii, huhesabu tuhuma ya liwati katika hukumu hiyo hiyo. Kurani imekataza pia kudharauliana na kuitana majina mabaya. Basi anayelitupa neno hili mkutanoni ili ashinde mabishano juu ya kilo za kambakoche asijifiche nyuma ya msikiti.

NA KAMA NI KWELI?

Hapa ndipo wengi wetu huteleza. Mwenzetu akitukanwa, tunakimbilia kumtetea kwa kusema: "Huyu si shoga, ana mke na watoto watano." Tunadhani tumemsaidia. Kumbe tumekubali kwamba angekuwa hivyo, swali lake la mizani lingekuwa halina maana. Na kama yuko mwingine pale aliye hivyo kweli, anayelipa ada ya chama kila mwezi kama sisi, tumemwambia akae kimya maisha yake yote.

Jambo hili limewahi kupimwa katika historia ya wafanyakazi, na ingawa ni mbali na kwetu, mafunzo yake yanatufaa. Marekani palikuwa na mzee mmoja jina lake A. Philip Randolph. Mwaka 1925 alianzisha chama cha wapagazi weusi wa mabehewa ya kulala ya treni, na baada ya miaka 12 ya mapambano kampuni ya Pullman ikatia sahihi mkataba nao. Msaidizi wake mkubwa katika kupanga mapambano ya watu weusi alikuwa Bayard Rustin. Rustin alikuwa shoga, na kwa ajili hiyo aliwahi kufungwa mwaka 1953.

Mwaka 1960 mbunge mmoja, naye mtu mweusi, alitishia kueneza uongo juu ya Rustin na Martin Luther King ili maandamano fulani yasifanyike. Wenziwe waliogopa. Rustin alijiuzulu, na harakati ikampoteza mpangaji wake bora. Tusi lilishinda kabla hata halijatamkwa.

Miaka mitatu baadaye Randolph alitaka maandamano makubwa ya Kazi na Uhuru mjini Washington, akamchagua Rustin ayapange. Mnamo Agosti 1963, zikiwa zimebaki wiki mbili tu, Seneta Strom Thurmond, mpinzani mkubwa wa haki za weusi, alisimama katika Baraza la Seneti akasoma habari za kukamatwa kwa Rustin ili nchi nzima isikie. Safari hii Randolph hakuogopa. Hakusema kwamba habari zile ni za uongo, kwa kuwa hazikuwa za uongo. Alisema kwamba ana imani kamili na Rustin, na kazi ikaendelea. Tarehe 28 Agosti watu wapatao 250,000 walikusanyika Washington, na mwaka uliofuata sheria ya haki za raia ilipitishwa.

Mtu ni yule yule, tusi ni lile lile. Mwaka 1960 wenziwe walimwacha, wakashindwa. Mwaka 1963 walisimama naye, wakashinda. Tofauti haikuwa kwa Rustin. Ilikuwa kwa wenziwe.

WAJIBU WETU

Kwa hiyo tunawashauri wanachama na viongozi wa matawi mambo haya:

1. Tusi likitupwa mkutanoni, mwenyekiti alisimamishe neno hilo, kisha asome tena swali lililoulizwa na kudai lijibiwe. Swali na tusi vyote viandikwe katika kumbukumbu za mkutano, ili iwe wazi nani aliulizwa na nani alikimbia.

2. Tusimtetee mwenzetu kwa kukana. Tuseme: "Tuliuliza habari za mizani. Jibu habari za mizani."

3. Tusilitumie tusi hili sisi wenyewe, hata kwa mwajiri mbaya, hata kwa msaliti wa mgomo. Mwajiri mwizi ni mwizi, na hilo latosha. Wala tusimwambie mwoga avae kanga, kwa maana waliovaa kanga mara nyingi ndio walioshika mstari wa mbele.

4. Mwanachama yeyote asipeleke jina la mwenziwe popote. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliwataka wananchi wamletee majina ya mashoga, hata serikali yake ikatangaza kuwa huo si msimamo wake. Orodha ya namna hiyo ikifunguliwa, kila mwenye deni ataliandika jina la anayemdai.

5. Viongozi waujue Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unaokataza ukatili na udhalilishaji kazini, pamoja na ule wa kijinsia. Unawahusu pia wanaofanya kazi bila mkataba wa maandishi. Somalia iliuridhia mwaka 2021, nayo ni miongoni mwa nchi za kwanza kufanya hivyo. Anayemdhalilisha mfanyakazi kwa maneno ya namna hii ana la kujibu.

Ndugu wafanyakazi, sisi watu wa Burgao, Chula, Chovai na Koyama tunajua uchungu wa kuhukumiwa kwa jina. Vita vilipoanza 1991 wengi wetu tulikimbilia Lamu na Mombasa, na kabla ya hapo na baada ya hapo tumeambiwa kwamba sisi si Wasomali kamili, ili tusiulize habari za visiwa vyetu na bahari yetu. Aliyewahi kunyamazishwa hivyo hana udhuru wa kumnyamazisha mwenziwe.

Siku kijana yule atakaposimama tena, tusicheke. Tuseme kwa sauti moja: ilete mizani.

Umoja ni nguvu.