Jina Lako Katika Daftari la Serikali
Juni 2021, Wakenya wengi waliingia kwenye tovuti ya eCitizen wakapigwa na butwaa: walikuwa wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Majina na nambari zao za vitambulisho vilitumika bila ridhaa yao.

Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, kuziona, na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa.

Serikali nayo inabanwa. Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vya kidijitali vya serikali, kwa kuwa athari zake kwa faragha hazikutathminiwa kwanza.

Taarifa zako zikitumiwa vibaya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.