Funzo la Malale ya Arua katika Kutafuta Dawa Mpya

Dawa si mali ya kudumu. Dawa inayoponya leo yaweza kushindwa kesho, si kwa kuwa imeharibika, bali kwa kuwa kijidudu kilichokusudiwa kuuawa nayo kimebadilika. Hayo ndiyo yanayozikabili sasa antibiotiki, yaani dawa zinazoua bakteria. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu wapatao 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na kwamba nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ndizo zilizoumia zaidi.

Kwa sababu hiyo wataalamu wanahimizana kutafuta antibiotiki mpya. Lakini kutafuta dawa si kazi ya maabara peke yake. Liko swali jingine lililo zito kuliko la maabara: ni nani atakayegharimia dawa ambayo wanaoihitaji hawana fedha? Swali hilo lilikwisha kuulizwa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika sehemu za Arua na Koboko. Huko adui hakuwa bakteria, bali kimelea cha ugonjwa wa malale. Hata hivyo, njia iliyopitwa ni ile ile.

Malale huenezwa na mbung'o. Wa West Nile hukaa kandokando ya mito, chini ya miti, mahali pale pale ambapo watu huteka maji, hufua nguo na kunywesha mifugo. Ugonjwa huanza kwa homa na maumivu ya kichwa. Baada ya miezi, pengine miaka, kimelea huingia katika ubongo. Hapo mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, akili zake huvurugika, na asipotibiwa karibu kila mara hufa.

Koboko ni mahali ambapo Uganda inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Baada ya vita vya mwaka 1979 wakazi wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, kama nchi hizo zilivyoitwa wakati huo. Waliporejea makwao katika miaka ya 1980 walikuta huduma za afya zimevunjika, na malale yakaenea upya. Mwaka 1986 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kuwatibu wagonjwa huko Moyo, na mwaka 1995 likafanya hivyo Omugo, mahali ambapo siku hizo palikuwa katika Wilaya ya Arua na sasa pamo katika Wilaya ya Terego.

Dawa iliyotumika kwa wagonjwa ambao ubongo wao umekwisha kuingiliwa ilikuwa melasoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949. Dawa hiyo ina arseniki, ambayo ni sumu. Iliunguza mishipa ya mgonjwa wakati wa kudungwa, na katika kila wagonjwa 100 iliwaua kiasi cha watano. Waganga waliendelea kuitumia kwa kuwa bila dawa mgonjwa angekufa. Lakini wagonjwa waliotibiwa katika Arua kati ya mwaka 1995 na 1996 walipofuatiliwa, ilionekana kwamba zaidi ya robo yao hawakupona.

Sababu yake ilikuja kueleweka baadaye. Juu ya mwili wa kimelea kuna vijitundu vinavyopitisha maji na vitu vingine, na dawa nayo hupita humo. Vimelea ambavyo vijitundu vyake vimebadilika haviingiliwi na dawa. Vile visivyobadilika hufa, na vilivyobadilika hubaki na kuzaana. Basi mgonjwa hubeba sumu yote ya dawa, naye adui yake amebaki salama. Bakteria nao hutumia hila za namna hiyo: wengine huzuia dawa isiingie, wengine huisukuma nje, na wengine huivunjavunja.

Ilikuwapo dawa nyingine, eflonithini, ambayo hapo mwanzo ilichunguzwa kwa ajili ya saratani. Mwaka 1990 Marekani iliikubali kuwa dawa ya malale. Iliwaamsha wagonjwa waliokuwa hawajitambui hata ikasifiwa kuwa dawa ya ufufuo. Lakini katikati ya miaka ya 1990 utengenezaji wake ulisimamishwa. Haikuwa na kosa ila moja: waliougua malale walikuwa wakulima maskini wa Afrika, na biashara yao haikuleta faida.

Kilichoirudisha kilikuwa kipodozi. Mwaka 2000 eflonithini iliruhusiwa huko Marekani kutiwa katika krimu ya kuzuia nywele zisiote usoni mwa wanawake, na soko likapatikana. Madaktari Wasio na Mipaka na wengine wakapaza sauti, na mwaka 2001 kampuni ya Aventis ikakubaliana na Shirika la Afya Duniani kutoa dawa za malale bure kwa miaka mitano.

Hata hivyo matibabu yenyewe yalikuwa mazito. Mgonjwa alitundikiwa dripu mara nne kila siku kwa siku 14, yaani dripu 56. Katika zahanati ya kijijini hilo si jambo jepesi. Kwa hiyo huko Omugo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, dawa zilijaribiwa mbili mbili kwa wagonjwa 54. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu baadhi ya wagonjwa walidhuriwa mno. Lakini jibu lilikuwa limeanza kuonekana. Waliopewa melasoproli pamoja na nifatimoksi walipona 8 kati ya 18. Waliopewa eflonithini pamoja na nifatimoksi walipona 16 kati ya 17. Majaribio makubwa zaidi yalifanywa katika nchi mbili za Kongo, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizo mbili, zikitumiwa pamoja, katika orodha ya dawa za lazima. Dripu 56 zikawa 14.

Mwaka 2003 ikaundwa taasisi ya DNDi, isiyofanya biashara, kwa ajili ya kutafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa. Miongoni mwa waanzilishi wake ni KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Taasisi hiyo iliifufua feksinidazoli, dawa iliyokuwa imeachwa tangu zamani, na mwaka 2018 ikakubaliwa: vidonge vya kumeza kwa siku 10. Kwa upande wa Uganda, vitambaa vidogo vya buluu vyenye sumu ya wadudu vilisimikwa kandokando ya mito, na watu wakaendelea kupimwa damu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya namna ya West Nile si tishio tena kwa afya ya umma nchini Uganda.

Sasa tazama upande wa bakteria. Mwezi Juni 2018 kampuni ya Achaogen ya Marekani ilipata kibali cha antibiotiki mpya. Mwezi Aprili 2019 ikafilisika. Antibiotiki mpya hutumiwa kwa siku chache tu, tena yapaswa kuwekwa akiba isije ikazoeleka upesi kwa bakteria. Kwa hiyo yule anayeitengeneza huuza kidogo. Soko ambalo jana halikumjali mgonjwa wa Omugo, leo halimtunzi hata mvumbuzi wa Marekani.

Njia iliyofaa kwa malale imeanza kufuatwa. Mwaka 2016 DNDi na Shirika la Afya Duniani zilianzisha GARDP kwa ajili ya antibiotiki. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba zoliflodasini, dawa ya kisonono inayonywewa mara moja tu, imefaulu katika jaribio la watu 930 katika nchi tano.

Wakati kazi hiyo inaendelea, kila mwananchi anao wajibu wa kulinda dawa zilizopo: asinunue antibiotiki nusu dozi, asizitumie kwa mafua, wala asiache dozi aliyoandikiwa na mganga kabla haijaisha. Serikali nazo hazina budi kuimarisha maabara za hospitali, ili dawa itolewe kwa bakteria aliyejulikana na si kwa kubahatisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wagonjwa wa Arua walirudishiwa dawa yao kwa sababu ilifaa pia kwa nyuso za wanawake wa nchi tajiri. Uhai wa watu haufai kuachiwa bahati ya namna hiyo mara ya pili.