Mkristu na Kipimo cha Haki



Katika mafundisho yaliyotangulia tulieleza Sakramenti ya Ubatizo na ya Kipaimara, jinsi Roho Mtakatifu anavyoingia ndani ya moyo wa mtu. Leo twaeleza jambo linalofuata: neema hiyo ikiisha kuingia moyoni, itatoka kwa njia gani ili iwafae watu wengine?

Wakristu wengi hutuuliza hivi: « Sisi tu watu wadogo wa kijijini. Hatuna cheo, hatuna fedha, hatukusoma sana. Twaweza kufanya nini ili dunia ipate kuwa njema? » Ulizo hilo ni jema, nalo lataka jibu lililo wazi.

1. Dunia ya Mkristu iko karibu

Mtu akisikia neno « dunia », hufikiri miji mikubwa, wakubwa wa serikali na majeshi. Lakini Mungu hakumkabidhi mtu mmoja dunia nzima. Humkabidhi kila mtu kipande chake: shamba, duka, kalamu, nyundo, jiko, darasa, mtumbwi. Hapo mtu ana uwezo. Na habari za hapo ndizo Mungu atakazomwuliza.

Bwana wetu alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake kazi yao hapa duniani, alitwaa vitu vya nyumbani: chumvi, chachu, taa. Iangalieni vizuri chumvi. Haipigi kelele ndani ya chungu. Huyeyuka, haionekani tena, lakini samaki hawaozi. Mama anayetia samaki chumvi kando ya ziwa ajua ya kuwa faida ya chumvi ni jambo lisilotokea: uozo haukuja. Kazi nyingi za Mkristu ni za namna hiyo. Hakuna anayemshukuru, kwa maana mabaya aliyoyazuia hayakuonekana.

Tena tukumbuke Yohane Mbatizaji kule Yordani. Watoza ushuru walikuja kwake wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi yao wakimbilie jangwani. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiasi kilichoamriwa. Basi, mtu aliyeongoka hurudi mahali pake pale pale, lakini hurudi na mkono mwingine.

Mwaka 1964 Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano ulifundisha, katika hati yake juu ya Eklezya, kwamba walei wana wito wao wenyewe: kuitakatifuza dunia kutoka ndani kwa kazi zao za kila siku, mfano wa chachu katika unga. Kazi hiyo si ya Padri peke yake, wala ya Masista. Padri hayupo sokoni saa ya kupima maharagwe, wewe upo.

2. Mwenye heri Floribert wa Goma

Katika nchi yetu ya Kongo Mungu ametupa shahidi wa jambo hili, naye alisema Kiswahili kama sisi. Jina lake Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mjini Goma, kando ya ziwa Kivu, mwezi wa Juni mwaka 1981. Alisoma sheria. Alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio, inayosali pamoja na kuwatumikia maskini. Pamoja na wenzake aliwasaidia watoto wa barabarani, wale ambao watu wa Goma huwaita maibobo, ili wapate kusoma na kuheshimiwa kama watoto wengine.

Alipomaliza masomo akapata kazi katika OCC, yaani ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Huko Goma, mpakani, kazi yake ilikuwa kuangalia bidhaa zilizoharibika, zisipate kuuzwa kwa watu. Siku moja kukaletwa mchele uliooza. Wenye mchele hawakutaka kupata hasara. Wakamtolea fedha ili aupitishe. Akakataa. Wakamwongezea fedha, wakamshurutisha. Akakataa tena.

Fikirini vema jaribu lile. Wale wangalionunua mchele ule hawakujulikana kwake hata kwa majina. Labda wangaliula mbali, katika nyumba ambazo yeye hatafika kamwe. Fedha zilikuwa mbele ya macho yake. Wale walaji hakuwaona. Lakini alijua ya kwamba nao ni watoto wa Mungu, na kwamba uhai wao umepita siku ile chini ya kalamu yake. Rafiki zake walishuhudia kwamba alijiuliza mwenyewe kama anaishi kwa ajili ya Kristu au sivyo. Ndipo jibu lake lilipotoka.

Tarehe 7 Julai 2007 watu walimteka. Tarehe 9 mwezi ule ule maiti yake ilionekana, yenye alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Papa Fransisko alipokuja Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, akikutana na vijana na makatekista, aliwafundisha kwa vidole vitano vya mkono, na habari za kijana huyu alizitaja alipofika kwenye kidole cha uaminifu. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma katika Basilika ya Mtakatifu Paulo, Eklezya ilimtangaza Floribert kuwa Mwenye heri, shahidi wa imani.

Mtu ataweza kuuliza: « Shahidi wa imani namna gani? Hakuna aliyemwamuru kumkana Yesu. Habari ilikuwa ya mchele tu. » Twajibu: amri ya Mungu yasema usiue na usiibe. Aliyekubali kufa kuliko kuivunja kwa ajili ya kumpenda Mungu na jirani, huyo ameikiri imani kwa tendo. Imani haikai katika Kanisa tu siku ya Dominika. Yakaa pia ghalani, penye magunia.

3. Mlango uliokabidhiwa

Floribert aliwekwa kama bawabu mlangoni, asiingize chakula kibaya. Nasi kila mmoja ana mlango wake. Na tuitazame michache.

Mlango wa kwanza ni kopo la kupimia. Kuna wauzaji wanaogonga kitako cha kopo kiingie ndani, ili lipokee unga kidogo na huku lionekane limejaa. Wazee husema: haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo yafaa kwa wema, lakini pia kwa wizi. Konzi moja ya unga inayopunguzwa leo ni kidogo. Ikipunguzwa kila siku ya soko, ni chakula cha watoto wa mjane.

Mlango wa pili ni chakula chenyewe. Muhogo mchungu una sumu, nasi twajua tangu mababu kwamba lazima uloweke siku tatu au zaidi hata ulainike, kisha uanikwe. Katika nchi ya Kwango, magharibi ya Kongo, madaktari wameona ugonjwa uitwao konzo. Miguu ya mtu hukakamaa ghafla, naye haponi kabisa maisha yake yote. Hushika zaidi watoto na akina mama. Huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, wakiwa hawana mboga na nyama za kuusaidia mwili. Na mojawapo ya sababu za kufupisha siku za kuloweka ni haraka ya kuuza. Vilevile ukungu wa karanga na mahindi una sumu inayodhuru ini, na kupika hakuiondoi yote. Basi mama anayengoja siku ya tatu, anayechagua karanga mbovu na kuzitupa ingawa hakuna amwonaye, huyo naye anafanya kazi ile ya Floribert.

Mlango wa tatu ni neno la mtu barazani. Wazee wanapokata shauri la mpaka wa shamba kati ya mtu mwenye mbuzi wengi na mjane, shahidi Mkristu aseme alilolijua, hata kama mwenye mbuzi ni ndugu wa ukoo wake.

Mlango wa nne ni kazi ya mshahara. Mwalimu asiuze alama za mtihani. Mganga wa zahanati asifiche dawa ili aiuze usiku. Karani asikawize karatasi ya mtu hata apate kitu kidogo mkononi.

4. Maneno ya wenye hofu

Wengine husema: « Nikikataa mimi, mwingine atapokea. » Labda ni kweli. Lakini hukumu ya mwingine si yako. Tena, tukisema sote neno hilo, hakuna mlango utakaobaki na bawabu. Atakayekataa kwanza huwapa wengine moyo wa kukataa.

Wengine husema: « Nina watoto; nitawalisha nini? » Neno hilo twaliheshimu, kwa kuwa njaa si mchezo. Eklezya haimwagizi mtu kutafuta kifo wala ugomvi. Bwana ametutaka tuwe wapole na wenye akili pia. Kwa hiyo usiende peke yako. Katika shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Wakristu wa kijiji, tusikutane kwa sala tu. Tuulizane pia habari za kazi. Mmoja akionewa kwa kuwa alikataa rushwa, waende watatu pamoja naye kwa mkubwa. Akikosa mshahara, shirika limpe unga hata mavuno. Tukimsifu mtu mwaminifu halafu tukamwacha alale njaa, sifa zetu ni bure.

Wengine husema: « Zamani nilipunja watu, nimekwisha haribika. » Huyo amtazame Zakayo. Naye alikuwa wa kazi ya ushuru, na alikuwa ametajirika. Bwana alipoingia nyumbani mwake, aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Ndiyo maana Eklezya hufundisha kwamba aliyeiba, akiisha kuungama, yampasa kurudisha kadiri awezavyo. Kopo lililogongwa lanyoshwa kwa nyundo ile ile.

Tena tusidanganyane. Baada ya kifo cha Floribert rushwa haikukoma, na Kivu haikupata amani. Mtu mmoja hakuiponya nchi. Lakini chakula kibovu hakikupita kwa mkono wake. Hicho ndicho Mungu alichomdai, naye alikitimiza. Nasi hatutadaiwa Kongo nzima. Tutadaiwa kopo letu, kalamu yetu na ulimi wetu.

5. Maulizo

Ulizo: Mkristu aitengeneze dunia mahali gani?
Jibu: Aitengeneze kwanza mahali pale alipo na uwezo: nyumbani, shambani, sokoni na kazini.

Ulizo: Je, kazi hiyo ni ya mapadri tu?
Jibu: Sivyo. Ni ya wabatizwa wote. Walei wana sehemu yao katika mambo ya dunia.

Ulizo: Kwa nini Mwenye heri Floribert aitwa shahidi?
Jibu: Kwa sababu alikubali kufa kuliko kupitisha chakula kilichooza, akiwapenda kwa ajili ya Kristu watu asiowajua.

Ulizo: Aliyepunja afanye nini?
Jibu: Atubu, aungame, arudishe, na kipimo chake akitengeneze.

Ulizo: Shirika limfanyie nini mtu anayeteswa kwa haki?
Jibu: Lisimwache peke yake, limsemee na kumlisha.

Azimio la juma hili: Kila mmoja wetu atwae kitu kimoja anachokitumia katika kazi, kopo, mizani, daftari au ufunguo, akiweke mbele yake jioni, ajiulize mbele ya Mungu: « Kwa kitu hiki, nani amefaidika kwangu leo, na nani ameumia? » Na akiona aliyeumia, asubuhi amwendee.

Tusali: Ee Bwana, umetuweka bawabu katika milango midogo. Utujalie tusiifungulie sumu kwa ajili ya fedha, wala tusimwache peke yake ndugu yetu anayeilinda. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.