Wahisani ndani ya hifadhi: Nani hulipa, nani huamua?

MGENI anayepita katika lango la Naabi kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti aghalabu huamini kwamba kiingilio alicholipa ndicho kinachomlipa askari mshahara, kununua mafuta ya gari la doria na kumlinda simba atakayemkuta amelala kivulini. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, ila haiutimizi. Nyuma ya askari huyo wapo pia wafadhili ambao majina yao hayaandikwi kwenye stakabadhi ya mgeni: mashirika ya hisani, mifuko ya matajiri na wananchi wa kawaida wa nchi za mbali wanaochanga kidogo kidogo.

Kisheria, hifadhi za taifa ni mali ya umma. Nchini Tanzania zinasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA, ambalo mizizi yake ni sheria ya mwaka 1959, na idadi yake sasa imepita 20. Tatizo ni kwamba hazilingani kwa mapato. Serengeti na Kilimanjaro hujaza hazina, ilhali hifadhi nyingi za Kusini na Magharibi, ambazo watalii wachache huzifikia, hutumia zaidi ya zinachokusanya na hivyo huishi kwa jasho la wenzao. Mpango huo wa ndugu mmoja kuwalisha wengine huenda vizuri hadi ndugu huyo augue. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wapatao milioni 1.5 kutoka nje. Mwaka 2020, dunia ilipofungwa na ugonjwa wa Uviko-19, walishuka hadi takriban 621,000. Majangili hawakwenda likizo mwaka huo.

Hapo ndipo wahisani wanapoingia. Kwa kawaida hawaji kulipa mishahara ya kudumu. Hutoa vile vitu ambavyo bajeti ya Serikali huviahirisha mwaka hadi mwaka: ndege ndogo ya doria, redio za mawasiliano, vipuri, sensa ya wanyama, mafunzo, dawa za mganga wa mifugo na wanyamapori, au kisima katika kambi ya askari. Kwa macho ya mkazi wa mjini hivyo ni vitu vidogo. Askari anayetembea kwa miguu siku tatu porini bila redio anafahamu thamani yake.

Uhusiano wa kale zaidi wa namna hiyo nchini ni ule wa Serengeti na shirika la Ujerumani liitwalo Frankfurt Zoological Society. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael walikuja na ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia, wakahesabu wanyama kutoka angani na kufuatilia njia za nyumbu. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikijiandaa kuchora upya mipaka ya hifadhi na kuitenga Ngorongoro, na hoja ya akina Grzimek ilikuwa kwamba mipaka hiyo ilichorwa na watu wasiojua nyumbu huenda wapi. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na ndege mla mizoga, ikaanguka, na Michael akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao juu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na michango ikaanza kumiminika kutoka kwa Wajerumani ambao wengi wao hawangekanyaga Afrika maisha yao yote.

Shirika hilo halijaondoka tangu hapo, na kwa maoni ya mwandishi huyu huo ndio mchango wake mkubwa kuliko gari lolote lililotoa. Ujangili ulipowafyeka faru weusi wa Serengeti katika miaka ya 1970 na 1980, kutoka mamia hadi kundi dogo mno lililobaki katika vilima vya Moru, ulinzi wa masalia hayo uligeuka kazi ya miongo mizima. Faru jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 15 au zaidi, na huzaa ndama mmoja tu. Mradi wa miaka mitatu, ambao ndio urefu unaopendwa na wafadhili wengi, huisha kabla ndama huyo hajaachana na mama yake.

Mwaka 2010 faru watano waliletwa Serengeti kwa ndege kutoka Afrika Kusini kwa msaada wa wafadhili, na Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, akaenda kuwapokea. Kabla ya mwaka kwisha, mmoja wao, aliyepewa jina la George, alikuwa ameuawa na majangili na pembe yake kuchukuliwa. Picha za mapokezi zilikuwa nzuri, lakini mnyama anayeletwa kwa hisani anahitaji mtu wa kumlinda usiku na mchana kwa miaka 30 au 40 ijayo.

Upande wa magharibi wa Serengeti adui si bunduki pekee. Huko mitego ya nyaya, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa waya wa matairi chakavu, hutegwa kwa wingi kwenye njia za nyumbu, na nyama yake huuzwa vijijini na mijini. Mwaka 2017 TANAPA, shirika la Frankfurt pamoja na wenye hoteli na kampuni za utalii walianzisha vikosi vya kuondoa nyaya hizo. Wafanyabiashara walichangia fedha, shirika likaratibu, na askari wa hifadhi wakaongoza. Miongoni mwa walioajiriwa kuzitafuta wamo waliokuwa wakizitega wenyewe zamani, kwa sababu hakuna aijuaye njia ya mtegaji kama mtegaji. Maelfu ya nyaya yameondolewa. Sambamba na kazi hiyo, wanavijiji wameunda vikundi vya kuweka na kukopa viitwavyo COCOBA, ambavyo huwapa mikopo ya kuanzisha biashara ndogo zisizotegemea nyama ya porini.

Kuna msaada mwingine usioonekana kabisa kwa mtalii, nao ni wa upelelezi. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 hadi 43,000. Hesabu hiyo ya pili ilitokana na sensa ya angani ya bara zima iliyofadhiliwa na Paul Allen, tajiri wa kompyuta wa Marekani. Ilionekana wazi kwamba kumkamata mbeba shoka porini kusingetosha iwapo mnunuzi aliye mjini angebaki salama. Taasisi ya PAMS, yenye makao yake Arusha, ilisaidia kikosi maalumu cha Serikali kilichofuatilia mitandao ya meno ya tembo. Oktoba 2015 kikosi hicho kilimkamata mfanyabiashara Mchina Yang Fenglan, aliyepachikwa jina la Malkia wa Pembe za Ndovu. Februari 2019 mahakama jijini Dar es Salaam ilimhukumu kifungo cha miaka 15.

Gharama ya kazi hiyo ililipwa kwa damu. Januari 2016 rubani Mwingereza Roger Gower, aliyekuwa akifanya kazi na mfuko wa hisani wa Friedkin, alipigwa risasi akiwa katika helikopta juu ya Pori la Akiba la Maswa wakati akifuatilia majangili waliokuwa wameua tembo. Agosti 2017 mwanzilishi mwenza wa PAMS, Wayne Lotter, aliuawa kwa risasi ndani ya teksi jijini Dar es Salaam. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu 11 kwa kesi hiyo. Askari Watanzania waliokufa katika vita hivyo hivyo ni wengi zaidi, nao magazeti ya nje hayakuwaandika.

Hata hivyo, si kila mtu aishiye kando ya hifadhi humwona mhisani kuwa rafiki, na Mkomazi, iliyo kaskazini-mashariki mwa nchi ikipakana na Tsavo ya Kenya, inaeleza sababu. Mwaka 1988 wafugaji, wengi wao Wamasai na Waparakuyo, waliondolewa katika eneo hilo ambalo wakati huo lilikuwa pori la akiba. Mwaka uliofuata Serikali ilimwalika Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyekuwa msaidizi wa mzee wa simba wa Kora, George Adamson, aje kulifufua. Kwa fedha za mifuko ya hisani ya Uingereza na Marekani alifungua barabara na viwanja vya ndege, akachimba malambo, akajenga eneo la faru lenye uzio na kituo cha kuzalisha mbwamwitu. Faru wa kwanza walitoka Afrika Kusini mwaka 1997. Mwaka 2009 wakaja wengine kutoka Jamhuri ya Czech. Mwaka 2008 Mkomazi ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa.

Fitzjohn hakuwaondoa wafugaji. Uamuzi huo ulikuwa wa Serikali na ulitangulia ujio wake. Lakini kwa mfugaji aliyetazama mifugo yake ikikonda ng'ambo ya mpaka, uzio wa faru uliojengwa kwa fedha za Ulaya na amri ya kuhama vilikuwa kitu kimoja. Wafugaji walikwenda mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hawakuwa na haki ya kimila juu ya ardhi hiyo. Kesi ilikwisha, manung'uniko yakabaki. Mpango wa baadaye wa Rafiki wa Faru, unaowapeleka wanafunzi wa shule za jirani kuwaona wanyama hao kwa basi, ni jambo jema, ingawa umri wa walioondolewa si umri wa kupanda basi la shule.

Nchi jirani ya Rwanda ilichagua mkataba wa namna nyingine kwa hifadhi yake ya Akagera, iliyo mpakani na Tanzania. Mwaka 2010 bodi ya maendeleo ya nchi hiyo iliunda kampuni ya pamoja na shirika la African Parks, na uendeshaji wote ukakabidhiwa kwa kampuni hiyo. Mwaka 2013 uzio wa kilomita 120 ulikamilika upande wa mashamba, mwaka 2015 wakarudishwa simba saba na mwaka 2017 faru weusi 18, na mapato ya utalii yakapanda. Serikali imebaki mmiliki na ina viti katika bodi. Ni mafanikio ambayo hayabishaniwi sana, ila shirika hilo hilo, mwaka 2025, lilikiri kwamba baadhi ya askari wake katika hifadhi ya Odzala-Kokoua, Kongo Brazzaville, waliwatendea ukatili wananchi wa asili. Anayekabidhiwa bunduki kwa niaba ya dola anahitaji kuhojiwa kama dola ihojiwavyo, hata kama mshahara wake umetoka kwenye sadaka.

Kwa hiyo mambo ya kuuliza mkataba mpya unapotiwa saini mbele ya kamera si mengi. Askari atapokea amri ya nani? Hesabu zitakaguliwa na nani, na je, Watanzania wataziona? Ndege ikiharibika baada ya mfadhili kuondoka, fungu la kuitengeneza liko wapi? Swali la mwisho ndilo linalosahaulika mara nyingi. Kila msaada mkubwa huacha nyuma yake gharama ndogo zisizokwisha, na mhisani hana wajibu wa kisheria wa kuendelea kutoa. Akibadili nia, au warithi wake wakipenda nyangumi kuliko tembo, hakuna mahakama ya kumshitaki.

Mkomazi imekwisha kuvuka daraja hilo. Eneo la faru lilirejeshwa mikononi mwa TANAPA, na Fitzjohn alifariki mwaka 2022. Sasa mgeni anayeingia kupitia Same anaweza kulipia kuwaona faru ndani ya uzio, jambo ambalo zamani halikuruhusiwa kwa watalii wa kawaida. Nyaya za uzio huo zinakatika na kuungwa, nguzo zinaliwa na mchwa, na faru wanaendelea kuzaa. Mafundi, vipuri na askari wa zamu ya usiku vyote vimo katika bajeti ya TANAPA.