Dharura haina hodi: Tujiandae msimu wa korosho



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia usafi wa mwili, wa nyumba na wa chakula. Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu huliona ni kazi ya serikali na madaktari peke yao, nalo ni maandalizi ya hospitali kabla ya maafa. Nataka kukuonyesha kwamba hospitali, hata ikiwa na majengo mazuri na wataalamu wake, haiwezi kuhimili siku ya dharura bila ya nyumba yako na msikiti wako.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku katika kituo kimoja huku kusini. Baada ya Isha, lori lililobeba watu waliotoka harusini lilipinduka kwenye mteremko. Ndani ya nusu saa tulipokea majeruhi 19, nasi watumishi tulikuwa watatu. Jenereta ilikuwepo, lakini dizeli yake ilikwisha wiki iliyopita na hakuna aliyeandika. Kilichotuumiza zaidi ni maji. Tangi lilikuwa limebaki tope la chini. Ndipo akaja mama mmoja jirani, akaniambia, "Mwanangu, kisima changu kina maji ya mvua ya mwaka huu. Tuma vijana na ndoo." Ndoo zile hazikukatika mpaka alfajiri.

Hata hivyo kijana mmoja aliyevunjika paja na kutokwa damu nyingi alifariki akisubiri gari na damu. Sisemi kwamba angepona, kwani umri wa mja uko mikononi mwa Allah (S.W.). Nasema tu kwamba usiku ule damu ilikuwepo, katika miili ya watu waliojaa nje ya uzio, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kundi la damu yake.

Mpango wa dharura ni nini?

Ni majibu yaliyoandikwa kabla ya maswali kuulizwa. Nani apigiwe simu kwanza? Majeruhi wakizidi vitanda walazwe wapi? Maji yakikatika, yaliyopo yatatosha saa ngapi? Umeme ukizimika, dizeli ipo lita ngapi? Barabara ikikatika, dawa zilizopo stoo zitafika siku ngapi? Mpango huo hauna maana ukikaa kabatini. Hauna budi kufanyiwa mazoezi kama mtoto anavyofundishwa swala kabla haijamfaradhikia.

Sehemu mojawapo ya mpango ni kuchambua majeruhi. Siku wanapokuja wengi kwa mpigo, hatuhudumii kwa kufuata nani kafika mwanzo, wala nani analia zaidi. Anayelia ana pumzi. Tunamkimbilia kwanza aliyenyamaza, anayehema kwa shida au anayevuja damu. Basi ukiona mtumishi amempita ndugu yako aliyevunjika mkono akaenda kwa mwingine, usimgombeze. Huenda anaokoa roho ambayo ilikuwa imebakiza dakika chache.

Mazingira yetu ya kusini

Tarehe 29 Julai 2020, kijiji chetu cha Lupaso kilipokea wageni wengi kwa siku moja, katika maziko ya Rais mstaafu Benjamin Mkapa. Mtu wa afya akiona umati kama ule, hata awe na majonzi, anajiuliza: maji yako wapi, vyoo ni vingapi, atakayezirai atabebwa na nani? Maswali hayo hayo yanatuhusu katika Idd, harusi na misiba yetu ya kila mwaka.

Kutoka Lupaso, mgonjwa mahututi hupelekwa Mkomaindo, Masasi, au Ndanda. Akihitaji zaidi ya hapo ni Mtwara, na kutoka Masasi mpaka Mtwara ni takriban kilomita 200. Upande wa Newala, juu ya nyanda za Makonde, mchanga hunywa mvua yote na mito haipo. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na hadi leo wenye nyumba za bati hujenga visima vya saruji vya kukinga maji ya mvua. Wazee wanakumbuka akina mama walivyokuwa wakishuka mabondeni usiku kutafuta ndoo moja.

Sasa piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kujifungua kwa mama mmoja kunahitaji maji lita 100, yaani ndoo kubwa tano. Mgonjwa mmoja wa kipindupindu anahitaji lita 60 kwa siku, yaani ndoo tatu. Wakilazwa wagonjwa kumi, hizo ni ndoo 30 kila siku, kabla hujapiga deki wala kufua shuka.

Wala tusidhani haya ni ya mbali. Mwaka 1997 kipindupindu kiliua Watanzania zaidi ya 2,000. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 uliendelea hadi mwaka 2018, ukapata wagonjwa zaidi ya 30,000 na kuua zaidi ya 500. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji. Hospitali kuu ya mji ule iling'olewa sehemu ya paa na vyumba vyake vya upasuaji vikaharibika, wakati ule ule inapohitajiwa kuliko siku zote. Haukupita mwezi kipindupindu kikafuata. Aprili 25 mwaka huo huo kimbunga Kenneth kilikuja jirani zaidi. Mtwara watu walitakiwa kwenda maeneo salama, lakini kikapiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga. Kwetu sisi wa kusini barabara ile ikikatika, dawa, mafuta na bidhaa vyote hukwama upande wa pili.

Funzo la Nabii Yusuf (A.S.)

Wapo wanaosema kujiandaa na balaa ni kuliita, au ni upungufu wa imani. Turejee Qur'an. Nabii Yusuf (A.S.) alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri hakuishia kutabiri miaka saba ya ukame. Alitoa mpango: miaka saba ya mwanzo walime kwa bidii, wale kidogo, na nafaka ibaki katika mashuke yake isiharibike. Yeye ni Nabii, naye aliweka akiba. Na Umar bin Khattab (R.A.) alipopata habari ya tauni ya Amwas huko Sham, mwaka wa 18 Hijria, alitaka ushauri kisha akawarudisha watu aliokuwa nao. Alipoulizwa kama anaikimbia Qadar ya Allah, alifahamisha kwamba anatoka katika Qadar ya Allah kwenda katika Qadar ya Allah.

Ndugu msomaji, miaka yetu ya shibe hapa ni miezi michache. Kuanzia Oktoba malipo ya korosho huanza kutoka. Ifikapo Desemba mvua huingia, na mpaka Aprili ndio wakati wa vimbunga, barabara mbovu, vyoo kufurika na ghala kupungua. Yaani Allah (S.W.) ametutangulizia fedha kabla ya shida. Tunachokosea ni kuzimaliza kwenye redio, pikipiki na sherehe kabla hata tone la kwanza halijadondoka.

Wajibu wa kila nyumba

Kwanza, maji. Korosho zikilipwa, safisha mifereji ya bati, ziba nyufa za kisima, weka mfuniko. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Pili, maji ya chumvi na sukari. Weka nyumbani pakiti za dawa hiyo. Zisipokuwepo, chukua lita moja ya maji salama, sukari vijiko vya chai sita vilivyopimwa bapa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Anayeharisha aanze kunywa hapo hapo, aendelee kunywa njiani, na mtoto asiachishwe ziwa. Kuharisha maji maji kama ya mchele huua kwa saa chache, hivyo usingoje kupambazuke.

Tatu, choo na sabuni. Choo kiwe na mfuniko, na pembeni pawe na maji na sabuni. Kutawadha ni ibada, lakini aliyetoka chooni anahitaji sabuni pia.

Nne, mjamzito. Nauli iwekwe kando tangu mwezi wa saba wa mimba. Dalili za hatari kama kutokwa damu, kifafa, kichwa kuuma sana au macho kuona giza zijulikane na mume pia. Namba 115 hupigwa bila malipo kwa ajili ya kumsafirisha mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura. Iandike ukutani.

Tano, damu. Mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema anaweza kuchangia, mwanamume kila miezi mitatu na mwanamke kila miezi minne. Damu ya kwenye mfuko huhifadhiwa takriban siku 35 tu. Haiwekwi kama mahindi, hivyo ghala lake ni sisi wenyewe.

Wajibu wa msikiti

Imamu na kamati wanaweza kuandaa daftari moja lenye majina ya waliopima kundi la damu, wenye magari na pikipiki, na wenye visima vinavyobaki na maji hadi kiangazi. Nakala ikae kwa mganga mfawidhi na nyingine kwa mwenyekiti wa kijiji. Sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Ulizeni yenu ina nani, na ilikutana lini.

Hali kadhalika misiba. Aliyefariki kwa kipindupindu asioshwe wala kusafirishwa kabla watumishi wa afya hawajaelekeza. Anayeosha avae glavu na atumie dawa ya klorini. Kuosha kukiwa na madhara, wanazuoni wamefungua mlango wa tayammamu. Swala ya jeneza iswaliwe, maiti azikwe mapema, na pasiwe na karamu ya msiba, kwani sahani moja yaweza kuzaa misiba kumi. Haya si kumdharau maiti. Ni kuwahifadhi walio hai.

Yule mama wa kisima hakusoma mpango wowote wa dharura. Alichimba kisima chake mwaka aliouza korosho vizuri, akakifunika, akatunza maji. Usiku ule watu 18 walioshwa majeraha kwa maji yake. Na wewe, ndugu yangu, msimu huu ukilipwa, jiulize kabla ya kutumia: usiku wa dharura jirani akija na ndoo, atakuta nini kwako?

Tunamuomba Allah (S.W.) atukinge na maafa, na yakitufika atukute tumejiandaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.